Gurudumu la Mkono wa Kushoto

Queensbury, London
18 Februari 2024

Wifi yangu Zipporah,

Uliponiuliza kwenye simu kama nitaweza, nilisema ndiyo kwa sababu Jennifer alikuwa amesimama karibu, na sikutaka asikie nikibishana na shangazi yake juu ya baba yake. Sasa yuko kwa rafiki yake, nyumba imenyamaza, nami nakuandikia yale niliyoshindwa kuyasema.

Nimekubali. Nitamwandikia Mama kwa jina la mume wangu Harrison, kama vile angali hai, mpaka Mama apasuliwe jicho na daktari aseme presha imetulia. Sababu zako nazielewa. Operesheni imekwisha kuahirishwa kwa ajili ya presha hiyo hiyo, jicho moja limefunikwa kabisa na mtoto wa jicho na la pili liko njiani, na Harrison ndiye mwanawe wa kiume wa pekee. Ni kweli pia kwamba Mama hasikii vizuri kwenye simu, kwa hiyo hatashangaa kukosa sauti yake. Barua ndiyo ilikuwa njia yao wawili, na wewe ndiye msomaji.

Lakini nataka ujue ninavyojisikia. Tumemzika Harrison huku kwa sababu kumleta Wundanyi kungemfanya Mama ajue. Siku ile kulinyesha. Walikuwepo watu wa kanisa letu, wenzangu wa nyumba ya wazee ninakofanya kazi, na mzee Mansukh, mwenye nyumba wetu, ambaye hajawahi kukanyaga kanisani. Nilitupa udongo kaburini mara mbili. Mchungaji alidhani nimechanganyikiwa. Mara ya pili ilikuwa ya Mama, na niliona haya papo hapo, kwa sababu hakunituma.

Sasa hilo gurudumu. Kila barua ya Harrison kwa Mama ilikuwa na gurudumu lake la kadi ndani, na mimi sijawahi kuchora hata moja. Kazi yangu ilikuwa mkasi. Nilikuwa nikimwona akigawa duara, akichora mtu yule yule kulizunguka, kila mahali amesogeza mguu kidogo, kisha ananipa nikate nafasi nyembamba ukingoni. Unasimama mbele ya kioo, unalizungusha kwenye kijiti chake, unachungulia kupitia zile nafasi, na mtu wa ndani ya kioo anaanza kutembea. Wewe uliyaita michezo ya watoto. Jikoni kwetu limetundikwa moja alilomchorea Jennifer, mtu mwenye mwavuli. Nimeliiga hilo hilo, hatua kwa hatua.

Mzee Mansukh alinipa mfuniko wa boksi la mithai, vile vitamu vya Kihindi, kadi aliyoipenda Harrison kwa sababu haipindi. Unakumbuka nilikwambia alizaliwa Voi, dukani kwa baba yake. Kiswahili chake hakijaisha. Alisimama mlangoni akinitazama nikikata.

“Mama Jeni,” akasema, “hilo ni duara, au ni chapati ya mwanafunzi?”

Nikacheka, kisha nikalia. Akajifanya anatafuta miwani yake, nayo ilikuwa usoni.

Barua ya Mama iko ndani ya hii. Msomee. Mahali nisipoandika kama kaka yako, parekebishe kwa mdomo wako.

Wifi yako,
Marion


Queensbury, London
18 Februari 2024

Mama,

Shikamoo. Natumaini ukungu wa Wundanyi umekuachia jua kidogo la kuota.

Mara ya mwisho nilikuacha mahali pabaya, profesa wetu Plateau amekaza macho kwenye jua. Uliniuliza mtu mwenye akili zake anatazamaje jua kwa kusudi. Alitaka kujua, Mama, picha inakaa machoni muda gani baada ya kitu chenyewe kuondoka. Hilo ndilo lilikuwa somo lake lote la fizikia. Alilitazama jua kwa sekunde kama ishirini na tano. Macho yalimsumbua, kisha yakapata nafuu, akarudi kazini.

Akaona kwamba picha haiondoki mara moja. Inabaki kidogo. Na kama kabla haijafutika utaleta nyingine inayofanana nayo, jicho litaziunganisha na kuona kitu kimoja kinachosogea. Hivyo mwaka 1832, huko Ubelgiji, akatengeneza gurudumu la namna hii ninayokuletea, akaweka juu yake mcheza dansi anayejizungusha. Picha zilikuwa zimetulia kwenye kadi, lakini mchezaji alicheza. Haya mambo ya sinema na televisheni tunayoyaona leo, yeye ni mmoja wa waliotangulia kuyafungulia njia.

Nakukumbusha tena kwamba alifiwa na baba akiwa na miaka kumi na minne, kama mimi.

Marion anakusalimu. Jennifer amempita mama yake kwa urefu.

Mwanao,
Harrison


Wundanyi
11 Machi 2024

Harrison,

Marahaba. Mimi nasema, Zipporah anaandika. Akiongeza la kwake nitajua, kwa sababu bado naona kivuli cha mkono wake kikitembea hata nikinyamaza.

Gurudumu limefika. Nililipeleka dirishani, mbele ya kile kioo cha marehemu baba yako cha kunyolea. Mwanga ulikuwa mzuri. Mtu wako wa mwavuli ametembea, nilimsaidia kidogo. Wino umeuweka mwingi, asante, mistari myembamba sasa hainifikii. Umebadilisha kalamu?

Daktari anasema presha yangu inapanda kama mbuzi wa Zipporah. Nimemwambia aipime nikiwa peke yangu, siyo watu watano wamesimama mlangoni wananitazama kama keki ya harusi. Siku hizi nikiingia kanisani akina mama wananyamaza, kisha wote wanataka kunishika mkono. Hata Peninah, ambaye hatujasalimiana vizuri tangu mambo ya mpaka wa shamba, ameniletea ndizi.

Mkeo anakula? Namuuliza yeye kabla yako. Mwambie nikimkumbuka, namkumbuka siku ile ya kwanza alipokuja kwetu, akaosha vyombo ambavyo vilikuwa vimekwisha kuoshwa, kwa kuogopa kukaa bure mbele yangu. Nilimwona. Nikavitoa vingine kabatini aendelee.

Profesa wako ananisumbua. Niambie kama alipofuka. Na kama alipofuka, niambie nani alikuwa akimsomea.

Mama yako,
Mwalimu Wawuda

(Marion, ni mimi Zipporah, naongeza hapa chini baada ya kutoka kwake. Umeona anavyotania? Hajui kitu. Amelitundika gurudumu karibu na kitanda. Tuendelee hivi hivi.)


Queensbury, London
2 Aprili 2024

Wifi Zipporah,

Barua ya Mama nimeisoma nimesimama, bado nina koti la kazini. Nilipofika mahali anauliza kama nakula, nilijibu kwa sauti, “Nakula, Mama.” Jennifer akatoka chumbani akauliza naongea na nani.

Nilimweleza. Unajua anasikia kila neno la Kiswahili, lakini ananijibu kwa Kiingereza. Akaniambia kwa Kiingereza hicho chake kwamba bibi si mtoto mdogo, na kwamba sisi watu wazima ndio tunaoogopa. Nikamwambia aongee kwa adabu. Akachezea ukingo wa meza, kisha akaniuliza: “Na nikienda kwa bibi Desemba, niseme baba yuko wapi?” Hilo alilisema kwa Kiswahili.

Kuna jingine. Jumapili baada ya ibada, dada mmoja wa Mwatate alisema anasafiri nyumbani Pasaka ikipita, na atapanda Wundanyi kumpa Mama pole. Nilimvuta pembeni nikamwomba asiende. Nilimwomba kwa upole, nikamweleza habari ya presha na ya macho.

“Mama hajui mwanawe amezikwa?” akasema, na sauti ikampanda bila yeye kutaka.

Watu wakageuka. Nilikuwa nimeshika sahani ya keki, sikujua niiweke wapi. Mama mmoja mzee akainama akaanza kukusanya vikombe ambavyo havikuwa vimemalizwa. Hakuna aliyenisema, Zipporah. Ingekuwa afadhali wangenisema.

Kazini nina bibi mmoja ambaye haoni. Kila siku ananiuliza nje kukoje, na mimi namwambia: kuna mawingu, kuna mbwa mweupe anavuka, jirani ameanua nguo. Juzi nilimwambia jua limetoka, kumbe bado mvua, basi tu nilitaka afurahi. Akasema, “Asante, mpenzi.” Nilienda chooni nikakaa. Nimeanza kuzoea, na hilo ndilo linaloniogopesha.

Tafadhali tumwambie. Kama ni lazima niwe mimi, nitapanda ndege.

Wifi yako,
Marion


Wundanyi
20 Aprili 2024

Marion,

Usiniangushe sasa. Tumepata tarehe. Mama atapasuliwa jicho Mombasa tarehe ishirini na moja mwezi wa tano, presha ikiwa sawa. Ni mwezi mmoja tu. Ukipanda ndege ukaja na nguo zako nyeusi, tarehe hiyo tumeipoteza, na daktari alisema jicho la pili nalo halingoji.

Unaniandikia habari za haya. Mimi je? Nimepita nyumba kwa nyumba kuwaomba watu wamfiche mama yangu kifo cha kaka yangu. Kijiji kizima kinajua isipokuwa yeye. Ninaingia dukani, mazungumzo yanakatika. Mchungaji amenipa nafasi mpaka mwisho wa Mei, baada ya hapo anasema dhamiri yake haitaki. Na dhamiri yangu mimi, nani ameniuliza inataka nini?

Ninalilia kwenye zizi la mbuzi. Nikirudi ndani nasema ni moshi. Wewe una kaburi la kutembelea, mimi nina sufuria za kupikia.

Andika moja tu, ya mwisho. Mmalizie habari za huyo profesa wake. Kila asubuhi anauliza kama barua ya Harrison imefika.

Zipporah


Queensbury, London
5 Mei 2024

Mama,

Shikamoo.

Uliuliza kama alipofuka. Alipofuka. Haikuja siku moja. Miaka ilipita tangu lile jua, akaoa, akapata mtoto, akafundisha fizikia chuo kikuu kule Ghent, ndipo macho yakaanza kumwacha pole pole mpaka giza likawa kamili. Mwenyewe alilaumu jua. Madaktari wa siku hizi wanadhani pengine ulikuwa ugonjwa tu wa macho, ambao ungemjia hata kama angekaa kivulini. Jennifer ndiye aliyenitafutia hilo la madaktari.

Lakini hakuacha kazi. Hapa ndipo hadithi hii ilipopendeza zaidi kila iliposimuliwa jikoni kwetu, viazi vikimenywa. Akiwa kipofu, aliendelea kuchunguza mapovu ya sabuni. Alikuwa na vijifremu vya waya, vinachovywa kwenye maji ya sabuni, vinatoka na ngozi nyembamba inayong'aa. Yeye hakuiona. Aliuliza, na waliomzunguka wakamwambia: imejipinda hivi, imekutana pale. Kichwani mwake akaiona. Miongoni mwa waliokuwa macho yake ni mwanawe, na baadaye mkwe wake. Kutoka kwenye yale waliyomwambia alitoa kanuni ambazo bado zinafundishwa.

Nimefikiri sana juu ya watu hao, Mama. Nafikiri hawakumdanganya. Wangemwambia povu ni zuri wakati limepasuka, kwa kumhurumia, kazi yake yote ingeanguka. Kipofu anaweza kufanya kazi gizani. Kwenye maneno ya uongo hawezi, kwa sababu hajui aweke mguu wapi.

Hapa nimeandika na kufuta, nikaandika tena na kufuta.

Nakuombea operesheni iende vizuri. Gurudumu ni la mtu wa mwavuli tena. Mwingine simuwezi siku hizi.

Wako,


Wundanyi
16 Juni 2024

Mwanangu Marion,

Hii naiandika mwenyewe, kwa hiyo usitafute mwandiko wa Zipporah. Jicho limefunguka. Daktari alipotoa bandeji nikamwambia tai yake ina doa la mchuzi, akacheka mpaka muuguzi akaja. Mkono wa kulia haujapona kiharusi, unajua unashika tu, hauchezi. Naandika kwa wa kushoto, ndiyo maana mistari inapanda kilima. Ningekuwa mwanafunzi wangu ningejichapa.

Wiki iliyopita walikuja. Mchungaji, wazee wa kanisa, Peninah na ndizi zake, na Zipporah ameshika leso kabla hata hajalia. Walipokaa nikasema, kunyweni chai kwanza, nimekwisha kujua mlichobeba. Mchungaji akamwagia chai kwenye Biblia. Zipporah alipiga magoti hapo hapo sakafuni. Nimemwinua. Usimkasirikie, amejitesa kuliko sisi wote, na mbuzi wake walikuwa wanajua huzuni yake miezi yote hiyo kabla yangu.

Sasa nikuambie nilivyojua, kwa sababu najua utaniuliza ukishindwa kulala.

Ni gurudumu lako la kwanza. Watu wote wenye mikono miwili hushika kijiti kwa kushoto na kuvuta ukingo kwa kulia. Mimi nashika kwa kulia na kuvuta kwa kushoto, basi gurudumu langu huenda upande mwingine. Mara ya kwanza Harrison aliponichorea baada ya kiharusi, mtu alitembea kinyumenyume. Tulicheka. Tangu siku hiyo magurudumu yangu aliyachora kwa mpangilio wa kinyume, ili mkono wangu mbovu umpeleke mtu mbele. La Jennifer alilichora kwa mikono mizima. Wewe uliiga la Jennifer. Ungejuaje?

Nikalizungusha pale dirishani, na mtu wa mwavuli akaondoka. Uso umeelekea huku, miguu inampeleka kule. Nikangoja, nikadhani ni jicho. Nikajaribu kulisukuma juu badala ya kulivuta chini, kwa shida, likageuka, na mtu akatembea mbele kama kawaida. Ndiyo maana nikasema nilimsaidia kidogo. Hapo nikajua aliyechora haujui mkono wangu. Harrison hata angeugua, hata angevunjika vidole, angemwambia mwenye kuchora: la mama geuza. Kama hakumwambia, hayupo wa kumwambia. Nikaliweka hilo pamoja na akina mama wa kanisani, na Zipporah na moshi wake siku ambazo tulipika kwa gesi. Chai ilipoa nikiwa nimekaa pale.

Basi soma hili pole pole, kwa sababu mimi ndiye ninayeona haya.

Ningeweza kusema siku ile ile. Sikusema. Mwanzoni nilijiambia ni kwa ajili yenu, mmejitahidi hivyo, nitawaaibisha vipi. Lakini si kweli yote. Nilitaka barua nyingine. Nilijua itakuja, nikaitaka. Nilimwita Zipporah aketi aandike, nikamsemesha na marehemu, yeye mtoto wangu mwenyewe, nikaona kivuli cha mkono wake kikiandika, na sikumwambia aache. Wewe mjane wa mwanangu nilikuacha ukae huko peke yako unichoree mume wako akitembea, nami nikajifanya kipofu kuliko nilivyokuwa. Nilifundisha watoto miaka mingi wasiseme uongo. Nilikuwa nikimzungusha kila asubuhi, kwa kusukuma, ili aje.

Ile barua yako ya mwisho haikuwa na jina. Zipporah alipoisoma alifika mwisho akaweka “Harrison” kwa mdomo wake. Nilipopata jicho niliitafuta, nikaona mwandiko wako, zile herufi zako za duara kama maandazi, na chini yake pameachwa wazi. Nililia kwa ajili yako kabla sijalia kwa ajili yake. Mtu aliyeshindwa kuandika jina hilo hana la kuniomba msamaha.

Zipporah ameniambia kwamba ulitupa udongo mara mbili, na kwamba uliona haya kwa sababu sikukutuma. Nilikutuma, Marion. Ni vile tu hukunisikia.

Profesa wenu aliona kwa macho ya mkwe wake. Na mimi nitaona kwa yako, kwa sababu kaburi liko huko. Niambie lilivyo. Mvua ikinyesha, sema mvua.

Na nina ombi. Nimechoka kumtembeza. Akija mbele anakuja hafiki, akirudi nyuma anaondoka haishi kuondoka. Harrison aliwahi kunionyesha kwa kiti: ukichora kitu kile kile mahali pote bila kubadilisha hata mstari, gurudumu linazunguka lakini ndani ya kioo kitu kimetulia. Nichoree mwanangu amesimama. Nataka kumtazama vizuri, kisha nianze matanga yangu.

Mama yako,
Wawuda


Queensbury, London
7 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Hii ni barua yangu ya kwanza kwako kwa jina langu, na nimekaa nayo siku nyingi kama mgeni asiyejua aketi kiti gani.

Ninakula. Ulichouliza mwezi wa tatu nakijibu sasa.

Makaburi yako juu ya kilima kidogo, si kilima cha kwenu. Kaburi lake ni la tatu kutoka kwenye uzio. Majani yameanza kuota upande mmoja tu, ule unaopata jua. Upande mwingine bado udongo. Hakuna jiwe, kuna msalaba wa mti wenye jina lake, na herufi moja imepauka. Treni zinasikika zikipita. Jana nilipokwenda mvua ilikuwa inanyesha, nami nasema mvua. Nilitupa udongo tena kidogo, safari hii kwa kutumwa.

Jennifer alinisindikiza. Anakusalimu, na anasema Desemba atakuja, na kwamba sasa anajua la kusema.

Nilimchora Harrison jikoni. Ilinichukua muda kuchagua asimame vipi. Nimemvalisha ile sweta ya kijani uliyomfumia, yenye kiwiko nilichokishona kwa uzi wa rangi nyingine kwa sababu wa kijani uliisha. Bega la kushoto liko chini kidogo, kama lilivyokuwa. Mkononi ana kikombe, kwa sababu alikuwa hawezi kusimama mahali bila kikombe. Sikumpa mwavuli, yuko ndani ya nyumba. Nilimchora mara ya kwanza, kisha nikamrudia mahali pote, mstari ule ule, na kila nilipomaliza mmoja nilijua namwanza yule yule tena. Mzee Mansukh alileta mfuniko wa boksi jingine, akasimama nyuma yangu kwa muda.

“Mama Jeni, huyu mbona hafanyi kitu?” akauliza.

“Mama yake ndivyo alivyomtaka,” nikasema.

Akavuta kiti akaketi. Tulilijaribu pamoja mbele ya kioo cha bafuni, mimi kwa mkono wa kulia, kisha nikabadilisha nikazungusha kwa wa kushoto, kama wewe. Mzee alivua miwani akaifuta, na safari hii hakujifanya anaitafuta.

Lipeleke dirishani, asubuhi, mwanga ukiwa mzuri. Zungusha kwa mkono wowote, Mama. Haendi popote.

Mkweo,
Marion